Stima ikipotea siku tatu msimu wa baridi: jenereta, inveta na betri, au sola?

MkulimaNjoro
Wadau, Julai ndiyo hii, mvua na upepo, miti inaangukia nyaya. Nyumba ni ya mabati, vyumba vitatu, watu 4, pande za Njoro, Nakuru. Tuseme stima imepotea saa 72. Napima vitu vitatu: jenereta ya petroli ya 2.5 kVA (wati 2,000 hivi), inveta (kigeuza umeme wa betri uwe kama wa stima) na betri ya kuchajiwa stima ikiwepo, au betri na paneli. Mzigo ni taa 4, simu 4, rauta na TV ya inchi 32. Friji ipo. Kuna anayetaka hita pia. Nipeni hesabu, matangazo nimeyaona ya kutosha.

FundiSection58
Hita iondoe kabisa. Hita ya wati 2,000 inamaliza betri ya lithiamu ya 12V 100Ah (volti 12, ampea-saa 100) kwa nusu saa tu. Birika la umeme, pasi na shawa ya moto ni ndugu zake. Joto litafute kwenye gesi, makaa na blanketi.

Sasa mzigo wako kwa siku. Taa 4 za wati 7, saa 5: 140 Wh (wati mara saa). Rauta ya wati 10, saa 18: 180. TV ya wati 50, saa 3: 150. Simu nne: kama 60. Jumla 530 Wh bila friji.

Betri ya asidi ya 100Ah ina 1,200 Wh kwenye karatasi, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua. Nusu ni 600, inveta inakula yake, unabaki na 520 hivi. Hiyo ni siku moja. Lithiamu ya 100Ah ina 1,280 Wh, unaweza kutumia asilimia 90, ukitoa hasara ya inveta unapata kama 1,000. Karibu siku mbili. Kwa saa 72 bila paneli unahitaji lithiamu ya 200Ah. Betri ya gari usijaribu, imeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kukesha na TV.

Jambo linalowapunja wengi: inveta ya wati 1,000 ikiwa imewashwa tu, bila kazi yoyote, inakula wati 10 hadi 15. Ukiiacha saa 18 kwa ajili ya rauta peke yake, rauta inakugharimu zaidi ya maradufu. Angalia nyuma ya chaja ya rauta. Ikiandikwa 12V, ilishe moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia kifaa kidogo cha kutuliza volti kwenye 12. Usiiunge bila hicho kifaa, maana betri ikichajiwa volti hupanda hadi 14.4 na rauta nyingi hazipendi.

MoloMawingu
Fundi amesema kweli kuhusu betri. Kuhusu jenereta kuna kitu wauzaji wa mjini hawasemi. Molo iko juu karibu mita 2,500, hewa ni nyepesi. Jenereta hupoteza kama asilimia 3 na nusu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo huku zaidi ya robo ya nguvu imekwenda. Ile iliyoandikwa wati 2,000 ihesabu kama 1,450. Ukiona moshi mweusi na plagi imejaa masizi, petroli inazidi hewa. Fundi abadilishe jeti ya kabureta aweke yenye tundu dogo zaidi. Ukiishusha Kisumu siku moja, rudisha ile ya kwanza, la sivyo injini itachemka.

Mafuta: nusu lita hadi lita 1 kwa saa, kutegemea mzigo. Zidisha kwa saa zako, kisha kwa bei ya pampu. Kuwasha injini ya 2.5 kVA kwa sababu ya taa nne ni kukodi lori kubeba debe moja la mahindi.

MamaVifaranga_Lanet
Na wenye kuku? Balbu ya kulea vifaranga ni wati 250, saa 24. Betri gani itaweza?

FundiSection58
Hakuna, mama. Hiyo ni 6,000 Wh kwa siku, mara kumi na moja ya mzigo wa nyumba nzima. Hapo tumia jiko la makaa lililofunikwa kwa chungu au karai la chuma, au jiko la gesi la kulelea. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama 3 kila wiki. Wakirundikana ni baridi, wakikimbilia ukutani ni joto. Acha nafasi ya hewa juu ya ukuta, maana hewa ya makaa itawamaliza kabla ya baridi.

Nesi_Nakuru
Hapo kwenye makaa, na kwa watu pia. Kila msimu huu watu hufa kwa jiko lililoletwa chumbani. Makaa yakishakuwa mekundu bila moshi ndipo mtu hujiona salama, lakini kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata wote nyumbani kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye, kisha hospitali. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi. Jiko likishamaliza kazi litoke nje kabla ya kulala. Jenereta nayo isikae verandani. Iwe mita 6 au zaidi kutoka dirishani, moshi ukielekea upande mwingine.

Badala yake chemsha maji. Lita 5 hula kama gramu 70 za gesi, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 una vipindi zaidi ya themanini. Mfuko wa mpira ujaze theluthi mbili, toa hewa, funga, uviringe kwa leso. Maji yaliyotoka kuchemka moja kwa moja hupasua mpira na kuunguza watoto, subiri dakika chache.

MoloMawingu
Naongezea: sakafu ya saruji ndiyo mwizi wa joto. Tandika mkeka au makatoni chini ya godoro. Mabati bila dari, ning'iniza shuka juu ya kitanda. Wote mlale chumba kimoja, gunia likunjwe mlangoni. Na githeri Molo huchelewa kuiva kwa sababu maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Bila sufuria ya presha utachoma gesi bure.

Kondele_Friza
Huku Kisumu baridi si hoja, hoja ni friza ya samaki. Iliyojaa hukaa saa 48 bila kufunguliwa, iliyojaa nusu saa 24. Friji ya kawaida ni saa 4 tu. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji, ukiacha inchi mbili juu zisipasuke. Weka kikombe cha barafu chenye sarafu juu yake. Ukikuta sarafu imezama, samaki waliyeyuka na kuganda tena, hata kama stima ilirudi usiku na kila kitu kinaonekana sawa.

Kwa friza, jenereta ikiwaka kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda kama huo jioni inatosha. Friza ya wati 120 huvuta mara nne au tano ikianza, kwa hiyo inveta ya wati 300 italia na kuzima. Chukua 1,000, yenye maandishi "pure sine wave" kwenye boksi. Zile nyingine hufanya mota ingurume na kupata moto.

MkulimaNjoro
Na paneli, kwa mawingu haya?

FundiSection58
Paneli ya wati 200 siku ya mawingu ihesabie saa 3 za jua kamili, utoe hasara, ubaki na kama 450 Wh. Lithiamu ya 100Ah pamoja na hiyo inakuvusha saa 72 kwa mzigo wako. Sisi tuko karibu na ikweta, na mwezi wa sita na wa saba jua liko kaskazini, kwa hiyo ielekeze kaskazini, ulalo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Inveta ya wati 1,000 kwenye 12V huvuta zaidi ya ampea 90, weka waya wa milimita 25 za mraba, usizidi mita moja na nusu. Waya mwembamba hupashika moto kabla fyuzi haijakatika.

Ukichagua jenereta, chenjiova (swichi ya kuchagua stima ya nguzo au ya jenereta) ni lazima, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Ule waya wa plagi pande zote mbili, wa kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani, unarudisha stima kwenye nguzo, na aliye juu ya nguzo anaamini laini imekufa.

Kondele_Friza
Stima ikirudi, acha balbu moja tu, chomoa friji na TV, subiri dakika 10. Balbu ikiwaka kupita kiasi, nyutro (waya wa kurudisha umeme) imekatika mahali. Zima swichi kuu hapo hapo, kisha ripoti Kenya Power kwa *977#.