Msaada: nina wiki tatu za kujua kuhubiri kwa Kimaasai

Mtumishi_Porini: Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mwinjilisti, kwetu Bukoba, kanisa limenituma Simanjiro. Mwaka wa pili huu nahubiri kwa Kiswahili, kijana mmoja ananitafsiria. Nataka nihubiri Kimaasai mwenyewe. Kuna mbinu gani ya kukishika ndani ya wiki tatu? Usingizi sipati.

Kibuyu Kitupu: Wiki tatu? Mimi nimeoa kwenu Uhayani mwaka wa kumi na moja, ukweni bado najua kuomba maji tu.

Mama Vitumbua: Mtumishi, kwani mkalimani ana shida gani? Wa kwetu mhubiri akisema dakika moja, yeye anasema tano, na sadaka inapanda.

Mtumishi_Porini: Kijana yuko vizuri. Ila neno likipitia kwa mtu mwingine linafika limepoa.

Fundi Saa: Kinachonisumbua ni hizo wiki tatu. Kwa nini si miezi sita? Funguka tukusaidie.

Mtumishi_Porini: Sawa. Kila mwezi naandika ripoti. Tangu Januari nimekuwa nikiandika kwamba nahubiri Kimaasai bila mkalimani. Haukuwa uongo hasa, maana salamu na sala ya kufungua natoa mwenyewe. Sasa usharika unaonitegemeza wanakuja, basi zima na kwaya, wanasema wana hamu ya kunisikia. Hata pikipiki ninayoendesha ilitokana na ripoti hizo. Kijana ameshaniandikia mahubiri ya dakika kumi, nakariri. Nitakachosema ni kweli tupu, sasa uongo uko wapi?

Mama Vitumbua: Matendo 5! Anania na Safira walianza na kiwanja, wewe umeanza na pikipiki.

Mzee wa Rabai: Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alitua Mombasa 1844. Ndani ya miezi michache akamzika mke na kichanga, na mwaka uleule alishaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Hakuwa na simu wala kijana wa kumwandikia. Ninyi wa siku hizi mnataka mteremko.

Olmurrani: Mtumishi, kukariri maandishi kutakuumbua. Kwetu kitenzi kinatangulia, na aliyetenda na aliyetendwa unawajua kwa sauti, inavyopanda na kushuka. Herufi hazikuambii. Halafu Enkai ni Mungu, ni mbingu, ni mvua. Ukipaza sauti kwamba Enkai inakuja, na kiangazi hiki, watu watatoka kutazama mawingu.

Mtumishi_Porini: Yamenikuta! Desemba nilijaribu "Enyor Enkai iltunganak", Mungu anawapenda watu. Mzee mmoja alikuwa anagonga kikopo cha ugoro kiganjani. Akaacha kugonga, akamgeukia kijana akamuuliza: nani anampenda nani? Akina mama wakavuta shuka mdomoni. Ndiyo maana safari hii nakariri kabisa, nisikosee.

Sukari Guru: Hii chai, tena ya rangi. Mwaka jana kulikuwa na uzi kama huu, mchungaji yuko Msumbiji kwa Wamakua, kwaya ileile, pikipiki ileile. Na porini huko bando la kujibu kila mtu unatoa wapi?

Kibuyu Kitupu: Nilishaanza kumwonea huruma jamani. Wapi vitumbua?

Olmurrani: Ngojeni nimpime. Mtumishi, umekutana na mama wa makamo njiani. Unamsalimuje, naye anaitikaje?

Mtumishi_Porini: Takwenya. Anaitika Iko.

Sukari Guru: Hilo hata Google inalo.

Olmurrani: Na watoto?

Mtumishi_Porini: Wanakuletea kichwa, unawagusa utosini. Jioni wakitoka kuchunga wananipangia foleni barabarani, nazima pikipiki, nashuka, nagusa mmoja mmoja. Siku moja nilipita bila kusimama, kesho yake bibi yao akaja kuuliza nimekasirishwa na nini.

Olmurrani: Huyu yupo huku. Njoo inbox, yasome hayo mahubiri unirekodie sauti, maandishi usinitumie. Tutapunguza yabaki dakika mbili, zilizobaki mwachie kijana. Na ripoti ya mwezi huu usiitume kwanza, tuiangalie pamoja.

Mtumishi_Porini: Ubarikiwe sana kaka. Ripoti nimeituma jana.