Naombeni ushauri: simulizi ya Daraja la Tatu Uingereza, msimu wa 1935-36

Wakuu habari zenu, naandaa simulizi ya sauti ya kama dakika kumi hivi kuhusu Daraja la Tatu la Uingereza msimu wa 1935-36, nimekwama kwenye mpangilio. Enzi hizo daraja hilo liligawanywa mara mbili, Kaskazini na Kusini, na kila upande bingwa peke yake ndo anapanda, yaani ukimaliza wa pili umeumia, kama Luton walivyowaona Coventry wanaondoka.

Sasa msimu huo huo mmoja, Desemba 26, Tranmere wanampiga Oldham 13-4, Bunny Bell anaweka 9 peke yake na penati akakosa! Halafu Aprili 13, 1936 huko Kusini Luton wanaifunga Bristol Rovers 12-0, Joe Payne anatupia 10, na huyu kwa kawaida alikuwa kiungo wa akiba, siku hiyo mastraika ni majeruhi ndo kocha akamsogeza mbele. Kwangu mimi hii ni stori tamu kuliko ligi kuu yote ya mwaka ule.

Shida yangu, nikianza na Payne naona nimemaliza utamu mapema, nikianza na Bell msikilizaji anachanganya Kaskazini na Kusini. Na ile sheria ya ofsaidi ya 1925, iliyofanya magoli yaongezeke sana, niiweke wapi bila kuboa watu? Mlioshawahi kutengeneza simulizi za mpira mngeanzia wapi?