Jirani anachimba karo mita 18 kutoka kisima changu, sheria inasemaje?

Nyumba_ya_Bondeni

Wakuu habari. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya maji na maji taka, jambo hili limeninyima usingizi.

Nina kisima kilichochimbwa kwa mkono, kina cha mita 11, kimejengwa kwa pete za zege toka chini mpaka juu. Familia nzima tunakunywa maji hayo, na tuna mtoto wa miezi mitatu. Wiki hii jirani wa upande wa juu ameanza kuchimba tangi la septiki. Nimepima, kutoka ukingo wa shimo lake mpaka ukingo wa kisima changu ni mita 18. Tena shimo la kunyonya amelipanga upande wa kwangu, likikaa pale inabaki mita 14. Kiwanja chake kiko juu, changu kinateremkia bondeni.

Nilipomfuata alinijibu kwa upole kwamba tangi ni la zege, litapigwa lipu ya kuzuia maji, kwa hiyo halivuji. Ni mtu mwema, sitaki tufike mahali pa kununiana. Umbali unaokubalika ni upi hasa? Mimi nimetangulia kuchimba, hilo lina uzito? Na je, nikichemsha maji si inatosha?

FundiZege

Mkuu ondoa hofu. Tangi likisukwa nondo vizuri, likapigwa lipu mara mbili na dawa ya kuzuia maji, halitoi hata tone. Mita 18 ni nyingi, nimejenga kwenye viwanja vya kubanana zaidi ya hapo na watu wanaishi.

MpimaMaji

Ndugu Nyumba_ya_Bondeni, hofu yako ni ya haki, na una bahati jirani bado anachimba. Nimefanya kazi ya kupima maji ya visima vya watu binafsi kwa miaka mingi, na kesi ngumu kuliko zote ni ile ya mashimo mawili yaliyokwisha jengwa, kila mwenye nyumba amemaliza pesa zake.

Fundi, kazi yako naiheshimu, na tangi imara ni jambo jema. Ila tangi la septiki limejengwa ili litoe maji. Zikiingia lita mia, zinatoka lita mia. Tope linatua chini, mafuta yanaelea juu, na maji ya katikati yanatoka kwa bomba kwenda kwenye shimo la kunyonya. Kwa macho yanaonekana yametulia, lakini yamejaa bakteria, virusi na nitrati, yaani chumvi zitokanazo na naitrojeni ya kinyesi na mkojo. Kazi ya kuyasafisha inafanywa na udongo baada ya hapo. Ndiyo maana kipimo chako cha kuangalia ni zile mita 14 za shimo la kunyonya. Zile 18 za tangi ziweke pembeni kwanza.

Kuhusu umbali, kila nchi ina kanuni zake, na wakati mwingine kila halmashauri, lakini namba hazipishani sana. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, vinataka angalau mita 30 kati ya shimo la choo au la kunyonya na chanzo cha maji ya chini ya ardhi, na kitako cha shimo kiwe mita 1.5 au zaidi juu ya usawa wa maji. Marekani wanashauri angalau futi 50, yaani kama mita 15, kutoka kwenye tangi lenyewe, na majimbo mengi yanadai futi 100 kutoka mahali maji yanaponyonywa ardhini. Uingereza ni wakali zaidi, hawaruhusu maji ya septiki kumwagwa ardhini ndani ya mita 50 za kisima cha maji ya kunywa bila kibali maalumu. Mita 14 haipiti popote hapo.

Swali la nani katangulia: kanuni za umbali kwa kawaida zinamfunga anayejenga sasa, bila kujali kuna uzio katikati. Anayeweka septiki mpya anapima mpaka kwenye visima vyote vya jirani, na anayechimba kisima kipya anapima mpaka kwenye mashimo yote yaliyopo. Kwa hiyo nenda ofisi ya afya ya mazingira au mamlaka ya maji ya eneo lenu, ulizia kibali cha ujenzi na mchoro. Nenda naye jirani kama inawezekana. Mkaguzi akisema mbele yenu wote wawili, hakuna atakayeona amechongewa.

Nakuomba utupe habari za udongo. Ulipochimba mlikuta nini, na masika maji yanapanda mpaka wapi?

Nyumba_ya_Bondeni

Asante sana. Juu ni udongo mwekundu kama mita mbili, halafu mchanga wa changarawe, chini kabisa mwamba uliopasukapasuka, na maji yanaingilia kwenye nyufa hizo. Kiangazi maji yako mita 8 kutoka juu. Masika yanapanda mpaka mita 4. Jirani yuko juu yangu kwa kama mita moja, na shimo lake la kunyonya anataka liende mita 4 ili "lisijae haraka".

MpimaMaji

Hapo ndipo penye tatizo kubwa kuliko hata hizo mita 14.

Hesabu: maji yako masika yako mita 4 chini. Yeye yuko juu kwa mita moja, na usawa wa maji chini ya kiwanja chake huenda nao uko juu kidogo kuliko kwako. Akishuka mita 4, kati ya kitako cha shimo na maji inabaki mita moja, pengine pungufu. Udongo unasafisha vizuri ukiwa mkavu, wenye hewa, maji yanapita polepole na vijidudu vinanasa na kufa. Shimo likikaribia maji, hakuna udongo mkavu uliobaki wa kufanya kazi hiyo. Likizama ndani ya maji, basi anamimina moja kwa moja mnakochota.

Halafu changarawe na nyufa za mwamba. Udongo mwekundu ungekusaidia, lakini shimo la mita 4 linaupita wote na kumwaga kwenye changarawe. Kwenye nyufa maji hayachujwi kabisa, yanakimbia. Pale mita 30 za kwenye kitabu hazitoshi kunipa amani. Jambo lingine ambalo watu hulisahau ni kwamba ukivuta maji kwa pampu, usawa wa maji unashuka kuzunguka kisima na yale ya jirani yanavutwa kuja kwako, hata pale ambapo mteremko ungeyapeleka kwingine.

Kuchemsha kunaua vijidudu, endelea nako. Nitrati hakuziondoi. Maji yakipungua jikoni nitrati zinabaki zilezile, kwa hiyo kila lita inakuwa na nyingi zaidi. Klorini nayo haizigusi. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, aliandika kuhusu watoto wachanga waliokuwa wanageuka rangi ya buluu kwa sababu maziwa yao yalichanganywa na maji ya visima vyenye nitrati nyingi. Nitrati inaifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Watu wazima wanastahimili, mtoto chini ya miezi sita hastahimili. Kwa hiyo kama mtoto anatumia maziwa ya kopo, yachanganyeni na maji ya chanzo kingine mpaka upate majibu ya maabara.

FundiZege

Mpima, nimekuelewa kwenye maji yanayotoka. Ila tangi zuri si bado linasaidia? Na likivuja taratibu si udongo unaziba wenyewe?

MpimaMaji

Linasaidia sana, fundi, tena tope lisipotolewa linahamia kwenye shimo la kunyonya na kuliziba. Likaguliwe kila miaka mitatu, na kwa kawaida linyonywe kila baada ya mitatu hadi mitano. Kuhusu kuziba kwenyewe, usimpe mtu tumaini hilo. Kisima cha Broad Street kule London, kilichoua mamia kwa kipindupindu mwaka 1854, kilikuwa chini ya mita moja kutoka kwenye karo la matofali la nyumba ya jirani. Walipolifukua mwaka uliofuata waliona matofali yamelegea na udongo wa katikati umelowa uchafu. Juu ya ardhi hapakuwa na dalili yoyote.

BintiShamba

Kwetu tulikuwa na kesi inayofanana na hii, tukaimaliza bila ugomvi. Jirani alihamishia unyonyaji upande wa pili wa nyumba yake, na badala ya shimo refu akaweka mitaro mifupi ya kina kifupi, mabomba yenye matundu juu ya kokoto. Inakula eneo kubwa zaidi, lakini pale juu unapanda nyasi tu. Sisi majirani tulichangia nguvu kazi ya kuchimba.

MpimaMaji

Dada BintiShamba umesema kitu kizuri sana. Mitaro ya kina kifupi ndiyo inayofaa kwenye ardhi ya ndugu yetu, maana inabaki kwenye ule udongo mwekundu, mbali na maji. Lakini kabla ya kuichimba wajaribu unyonyaji: shimo dogo la kina cha mtaro, walijaze maji mpaka udongo ulowe vizuri, walijaze tena, wapime maji yanashuka kwa kasi gani. Yakikwama, mitaro itafurika. Yakitoweka mara moja, hayachujwi.

Kwako ndugu, kabla jirani hajaanza kutumia choo kipya, pima maji yako. Hicho ndicho kitakuwa kielelezo chako cha hali ya kisima kabla ya septiki. Omba vipimo vya E. coli (bakteria wa kinyesi), kolifomu (kundi pana la bakteria linaloashiria uchafu) na nitrati. Chupa ya vijidudu chukua maabara kwenyewe, imesafishwa kwa joto. Ukiona ndani kuna unga au kidonge kidogo usiisuuze, kile ni cha kuzima klorini. Kama una bomba, pitisha moto kwenye mdomo wa bomba la chuma, acha maji yakimbie dakika chache, kisha kinga bila kugusa shingo ya chupa wala ndani ya kifuniko. Weka kwenye baridi, ifike maabara siku hiyohiyo. Kwenye majibu, E. coli inatakiwa isionekane kabisa katika mililita 100. Nitrati isizidi miligramu 50 kwa lita. Ukikuta karatasi inasema kikomo ni 10, usishtuke, wanahesabu naitrojeni peke yake, na viwango hivyo viwili vinakaribiana. Rudia katikati ya masika, ndipo maji machafu yanaposafiri zaidi, na kila mwaka baada ya hapo.

Jambo la mwisho unaloweza kulifanya leo. Subiri jua likiwa kali, shika kioo mdomoni mwa kisima uelekeze mwanga ndani, uangalie maungio ya pete moja baada ya nyingine, hasa upande wa jirani. Ukiona mchirizi wa unyevu au weusi unaoanzia kwenye ungio juu ya usawa wa maji, hapo pana njia. Maungio ya mita tatu za juu yazibwe kwa saruji, ukingo uinuliwe juu ya ardhi, na sakafu ya zege izunguke kisima ikitoa maji nje. Haitazuia yanayopita kwenye nyufa za chini, hilo linategemea jirani kuhamisha shimo. Kwa hiyo anza na jirani kabla hajamwaga zege, na umpelekee maneno ya BintiShamba ayasome mwenyewe.