Ondoeni hayo masanduku ya maoni ukutani, mnatuchosha!

Wakuu, salaam.

Kila taasisi siku hizi ina wimbo mmoja: ubunifu. Uko kwenye dira, uko kwenye fulana za Mei Mosi, uko kwenye kalenda ya mezani. Ukitafuta huo ubunifu unaingilia mlango gani, unakuta kisanduku cha mbao kimepigiliwa kwenye korido ya kwenda kwa mkurugenzi, kamera juu yake, na kufuli ambayo ufunguo wake uko kwa mtu wa utawala anayekujibu "utatafutwa". Nani atatumbukiza karatasi pale, wakati mwandiko wake wanaujua tangu kwenye vocha za masurufu, zile fedha za kazi anazokabidhiwa mtumishi?

Sanduku lenyewe halina kosa. Toyota, hao hao wa Noah na Hiace zetu, mfumo huu waliuona Marekani: mwaka 1950 Eiji Toyoda alizunguka kiwanda cha Ford kule Michigan, akakuta wafanyakazi wanaandika mapendekezo, na mwaka 1951 kampuni yake ikaanzisha wa kwake. Wao walishika kitu kimoja ambacho sisi tumekiacha: mtu akiandika, anajibiwa, na msimamizi wake wa karibu anamsaidia kuliweka wazo sawa.

Kwetu wazo linageuzwa dokezo, barua ya ndani ya kuomba kibali. Dokezo linapanda kwa mkuu wa kitengo, anaandika "naomba maelekezo". Linakwenda utawala, linarudi na "jadilini". Faili linalala. Mwenye wazo amejifunza jambo moja tu: asiandike tena. Mwisho wa mwaka mnamwita mzigo, hana jipya!

Mnataka sanduku lifanye kazi? Lihamishieni jirani na chai au maji ya kunywa, mbali na kamera. Lifungwe kwa kufuli mbili, funguo kwa watu 2, mmoja wao asitoke utawala. Lifunguliwe kila Ijumaa, hata likiwa tupu. Kila karatasi ipewe namba na iingie kwenye daftari, na ndani ya siku 7 za kazi namba hiyo ionekane ubaoni na jibu lake: tunajaribu, tunauliza zaidi, au hapana. Hapana iwe na sababu. "Bajeti haitoshi" si sababu kama hakuna aliyepiga hesabu. Fomu iwe na maswali matatu: tatizo liko wapi, linakula nini (dakika, lita, karatasi), tujaribu nini kwanza. Jina ni hiari. Zile fomu za kurasa mbili zenye kipengele cha "uwiano na mpango mkakati" zinamtaka mshauri mwelekezi, siyo dereva aliyegundua gari linazunguka bure.

Halafu hiki kichekesho cha kubungua bongo, vile vikao vya kutoa mawazo kwa pamoja (brainstorming). Watu 15 chumbani, bosi anachelewa dakika 40, anakaa mbele, anasema: "Mimi nilikuwa nafikiria hivi, ila ninyi kuweni huru." Kwisha habari. Kuanzia hapo ni watu 14 wanaopamba wazo la bosi.

Aliyeipa umaarufu njia hii, Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara huko Marekani, aliweka masharti: msikosoane wakati wa kutoa, mawazo yawe mengi, ya ajabu yakaribishwe, na mtu ajengee juu ya la mwenzake. Sharti la kwanza tu linatushinda. Na hata mkiyafuata yote bado kuna kasoro. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilinganisha vikundi vya watu wanne na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakaunganishwa. Waliokaa peke yao walitoa karibu mara mbili. Sababu mojawapo ilikuja kuonyeshwa na watafiti Diehl na Stroebe mwaka 1987: anayeongea ni mmoja, wengine wanasubiri zamu, na wakisubiri wanasahau au wanajizuia wenyewe.

Dawa ipo na haina gharama. Wajerumani wanaiita 6-3-5: watu 6, kila mmoja na karatasi yake, anaandika mawazo 3 ndani ya dakika 5, anampa jirani wa kulia, anapokea ya wa kushoto. Mizunguko 6, nusu saa, mawazo 108. Yatakuwemo ya kujirudia na ya hovyo, hayo ni makapi ya kawaida. Panapoharibika ni mzunguko wa nne na kuendelea: kuna mengi ya kusoma, watu wanaanza kuandika "kama hapo juu". Ongezeni dakika mbili. Kalamu ziwe za aina moja na herufi kubwa, mwandiko usimchome mtu. Kuchagua iwe siku nyingine, stika 3 kwa kila mtu, wote wabandike kwa pamoja, kasoro bosi: yeye wa mwisho.

*

Kalamu_Nyekundu: Mkuu umenena, ila umeruka fedha. Jaribio la shilingi 40,000 likidaiwa ankara kifani tatu (makadirio ya bei ya wauzaji watatu), limeshakufa. Kitengo kipewe masurufu ya kudumu, tuseme 300,000 kwa robo mwaka, kikomo 50,000 kwa jaribio, risiti ya EFD (mashine ya kodi), na ukurasa mmoja wa matokeo baada ya siku 30. Likishindikana, mtu asikatwe mshahara. Na acheni zawadi ya luninga kwa "mbunifu bora": watu wanaficha mawazo hadi Desemba, kisha wanagombana nani alianza. Kidogo kwa kila wazo lililojaribiwa, wiki ile ile.

Dirisha la Nyuma: Na waliobomoa kuta za ofisi, wote tukae ukumbi mmoja ili "tushirikiane"? Utafiti wa Bernstein na Turban wa 2018 ulipima ofisi zilizofanya hivyo: maongezi ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, barua pepe zikaongezeka. Watu wanavaa spika za masikioni wapate ukuta. Rudisheni vyumba viwili vya milango, na saa 3 hadi 5 asubuhi pasiwe na kikao wala kuitana.

Mwanzisha uzi: @Kalamu_Nyekundu, kwenye masurufu nakuunga mkono, ila yasishikwe na mkuu wa kitengo peke yake, yataishia kwenye vitafunwa vya vikao. Wale wa kupeleka watu Bagamoyo siku tatu "kuchochea ubunifu", posho ya kichwa kimoja tu inatosha majaribio mengi ya hapo juu.

Kesho ni Ijumaa. Mwenye ufunguo aanze kuutafuta leo.