Kujinyonga mgongo mpaka ulie: kuna madhara?

Mpakiaji wa Kibirizi:
Shikamooni wakubwa. Kazi yangu ni kupakia madumu ya mawese na magunia ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Ifikapo jioni kiuno hukaza, nami sipati nafuu mpaka nikae ukingoni mwa boti, nishike ubao kwa mikono miwili na kujizungusha hadi mgongo ulie. Baada ya muda mfupi hali hurudi ile ile. Mke wangu anasema nitapooza, ilhali wenzangu hukanyagana migongo kila siku na wako salama. Ukweli ni upi?

Fundi Viungo:
Marahaba. Mlio wenyewe hauna ubaya. Viungo vidogo vinavyounganisha pingili za uti wa mgongo vina ute wenye gesi iliyoyeyuka ndani yake. Kiungo kikitanuliwa ghafla, shinikizo hushuka, gesi hujitenga na mlio husikika. Ndiyo maana kiungo kilichokwisha kulia hakilii tena hadi zipite kama dakika 20. Wanaosema kwamba mfupa umerudi mahali pake wanakosea, kwa kuwa haukuwa umetoka. Unachokipata ni misuli kulegea kwa muda, huku chanzo, yaani kuinua mzigo kwa kuinamisha mgongo badala ya kukunja magoti, kikibaki pale pale.

Bibi Ujiji:
Mimi nahofia zaidi hao wanaokanyagana, kwa sababu anayelala chini hana namna ya kupima uzito unaomshukia, na mwenye mifupa iliyodhoofika kwa umri anaweza kuvunjika mbavu au pingili. Tena mjihadhari na vinyozi ambao, wakishamaliza kukukanda kichwa, hukamata kidevu na kisogo wakaizungusha shingo kwa ghafla. Mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo hupita ndani ya pingili za shingo. Ukuta wake ukichanika, damu huweza kuganda na kuleta kiharusi. Ni nadra, lakini kwa starehe ya sekunde mbili sioni sababu ya kujaribu.

Muuguzi Mstaafu:
Naongeza dalili ambazo hazifai kunyongwa wala kukandwa: homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, kwa kuwa kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo; pia ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo, ambapo mtu anapaswa kufika hospitali siku hiyo hiyo.

Mpakiaji wa Kibirizi:
Nashukuru. Hayo sina, ila nikikohoa maumivu hushuka kutoka tako la kushoto hadi kwenye shavu la mguu.

Muuguzi Mstaafu:
Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo, mwanangu. Huenda sahani, yaani gegedu laini iliyo kati ya pingili, imetokeza na kubana mshipa wa fahamu, na kujizungusha kwa nguvu kunaweza kuizidisha. Acha kabisa kujinyonga, usibebe magunia kwa sasa, wala usilale kitandani siku nzima. Tembea taratibu, kisha nenda hospitali ya Maweni wakupime nguvu za mguu. Ukianza kuburuta unyayo, usingoje kesho.