Queen: nianze na albamu gani?

PwaniRock
Wakuu habari zenu. Queen nawajua kwa zile ngoma za mpirani, We Will Rock You na We Are the Champions, hizo hata asiyesikiliza rock anazijua, na Bohemian Rhapsody bila shaka. Sasa nataka nisikilize albamu nzima, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, ila nikiangalia naona albamu kibao kuanzia 1973 mpaka 1995 na sijui nishike ipi. Jamaa mmoja kaniambia chukua Greatest Hits inatosha. Kweli inatosha?

KandaMbili
Haitoshi mkuu. Greatest Hits ya 1981 ni nzuri, kule Uingereza ndo albamu iliyouzwa kuliko zote, zaidi ya kopi milioni 7, lakini pale unapata vilele tu. Anza na A Night at the Opera ya 1975. Mule ndani mwimbaji wao Freddie Mercury anakuimbia Love of My Life mpaka unatulia, afu mpiga gitaa Brian May anakuja na '39, gitaa la kawaida tu, unadhani wimbo wa mabaharia wa zamani kumbe ni watu waliosafiri angani wakarudi wakakuta waliowaacha wameshazeeka, na mpiga ngoma Roger Taylor naye anaimba kuhusu gari lake kwa mapenzi kabisa. Ukifika Bohemian Rhapsody kule karibu na mwisho, dakika 5 na sekunde 55, unaisikia upya. Ile kwaya yote ni watu watatu, Freddie, Brian na Roger, wanarekodi sauti juu ya sauti juu ya sauti mpaka utepe ukaanza kuchakaa.

BesiNzito
Mbona umemruka John Deacon?? You're My Best Friend imo humohumo na ni ya kwake. Huyu mpiga besi mkimya ndo katunga pia Another One Bites the Dust na I Want to Break Free, yaani bendi ambayo wote wanne kila mmoja ana hiti yake kubwa utaipata wapi. Mi nasema The Game, 1980. Ni fupi, haina mbwembwe, ilishika namba moja Marekani na nyimbo mbili za humo nazo zikashika namba moja kulekule. Ndo mara ya kwanza pia kutumia sintesaiza, vile vinanda vya umeme vinavyounda sauti, miaka ya sabini walikuwa wanaandika kabisa kwenye majalada kwamba hawajazigusa.

BintiShangani
Nami niongeze, maana Freddie ni wa kwetu, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, kazaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, wazazi Waparsi, yaani Wahindi wenye asili ya Uajemi, shule akasoma India, na 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Watu wanapenda kuutafuta Unguja kwenye nyimbo zake. Kuna "Bismillah" kwenye Bohemian Rhapsody na kuna Mustapha inayofungua albamu ya Jazz ya 1978, lakini tusilazimishe, muziki wenyewe kautengenezea Ulaya. PwaniRock kaka yangu, ukishamaliza hizo walizokutajia nenda Innuendo, 1991. Alikuwa mgonjwa sana na Novemba ya mwaka huohuo akafariki, afu sikiliza anavyoiimba The Show Must Go On, hiyo sauti katoa wapi mimi sijui, kila nikiisikia nasimamisha ninachofanya.

PwaniRock
Asanteni sana, dada umenigusa. Naanza na A Night at the Opera, afu The Game, Innuendo ya mwisho. Nitasikilizia kwenye simu njiani kwenda kazini.

KandaMbili
Tafadhali vaa hedifoni, sio spika ya simu. Kuna The Prophet's Song humo, dakika 8 na ushee, katikati vyombo vyote vinanyamaza anabaki Freddie anajijibu mwenyewe sikio la kushoto na la kulia. Kwenye spika ya simu hiyo yote inapotea.