Bimkubwa anaanguka kila mara, presha iko sawa, inaweza kuwa macho?

BintiMuheza:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Bimkubwa wangu ana miaka 71, yuko Muheza na wajukuu, tangu Ramadhani ashaanguka mara tatu. Mbili akishuka ngazi za kibarazani, moja usiku akienda choo cha nje. Zahanati wakapima presha na sukari wakasema viko poa, majirani nao washaanza maneno yao eti kuna mtu kamtupia kitu. Mi nawaza macho, maana siku hizi akimimina chai inamwagikia nje ya kikombe halafu anasingizia kikombe. Miwani anayo, bro kamletea mwaka jana, ile juu ya kuonea mbali chini ya kusomea. Jamani macho yanaweza kumwangusha mtu?

KobeMtembezi:
Sana tu. Hiyo ya chai ilimpata na mzee wangu, macho yanashindwa kukadiria umbali. Swali, ngazi zenu rangi gani? Ukute saruji nyekundu juu mpaka chini, mwenye mtoto wa jicho haoni ngazi inapoishia, anaona sakafu moja tu, anakanyaga hewa. Sisi tulipiga mstari mweupe kwenye kingo, hajaanguka tena pale (kaanguka kwingine ila hiyo kesi ya mnazi 😂)

BintiMuheza:
Nyekundu!! umejuaje

NesiMstaafu:
Mwanangu, mi hiyo miwani ndo naitilia shaka. Kioo cha chini ni cha kusomea kitu kilicho mkononi, sasa akishuka akainamisha macho anaangalia miguu kupitia kioo hicho hicho, na ngazi iko mbali kuliko kitabu, kwa hiyo anaona ukungu. Akapimwe upya, apate ya kutembelea peke yake na ya kusomea peke yake, na akipewa mpya yenye namba tofauti sana wiki za mwanzo atembee taratibu maana nayo inayumbisha. Usiku muwekeeni taa njia nzima mpaka chooni, jicho la mzee linachelewa kuzoea giza. Ikiwa ni mtoto wa jicho dawa yake ni opereshen, wanatoa lenzi iliyochafuka wanaweka ya plastiki, wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Uingereza waliwafuatilia wanawake 306 wa zaidi ya miaka 70, majibu yakatoka 2005, waliofanyiwa mapema jicho la kwanza walianguka pungufu kwa kama theluthi kuliko waliosubiri. Na wampime presha ya macho pia, ile ya mkononi haisemi chochote kuhusu jicho.

Mzaramo_01:
na yale malapa ya kuteleza mtupe, msisingizie macho peke yake

BintiMuheza:
Asanteni sana, bibi nesi shikamoo. Rangi nanunua leo, wiki ijayo nampeleka Tanga mjini wakamcheki. Kazi ni kumtoa nyumbani, nimempigia sasa hivi kasema macho yake mazima, nimnunulie vikombe vipya.